Bweni la wasichana linafungwa kwa kufuli usiku: tuanze na nini?

SWALI: Mbukwenyi wataalamu. Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya sekondari ya kata, wilayani Chamwino. Wananchi tulijenga bweni la wasichana ili waache kutembea kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Linalala wasichana 64. Lina mlango mmoja, madirisha yana nondo, na matroni hulifunga kwa kufuli kwa nje saa nne usiku, maana vijana wa kijijini walikuwa wanakuja kugonga madirisha. Wiki tatu zilizopita godoro moja liliungua kwa mshumaa, wakaliwahi. Wazazi wamegawanyika: wengine wanataka kufuli liondoke, wengine wanasema likiondoka tutavuna mimba. Tumechanga shilingi milioni 3.2. Wapo wanaotaka tufunge kamera. Tuanze na nini?

JIBU: Mwenyekiti, kufuli liondoke leo, kabla ya kikao na kabla ya kugusa hiyo milioni 3.2. Komeo la kufunga kwa ndani linapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, na fundi wa kuchomelea halimchukui hata nusu siku. Liwekwe usawa wa kiuno cha msichana wa kidato cha kwanza, liwe na mkono mkubwa, na lifunguke gizani kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mpaka fundi afike, matroni alale ndani, kitanda cha kwanza kutoka mlangoni. Vile vishikizo vya kufuli vya upande wa nje navyo vikatwe. Hili husahaulika sana: kufuli linaondolewa, vishikizo vinabaki, na siku moja mtu anapita na kufuli lake, kwa utani au kwa nia mbaya.

Usiku huohuo mishumaa, vibatari na dawa za mbu za kuchoma zitoke bwenini. Lakini msitoe tangazo la kukataza kabla hamjajibu swali la kwa nini mshumaa ulikuwamo. Mara nyingi jibu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla: uniti zinaisha saa mbili usiku, mhasibu yuko mjini, mtihani ni kesho. Shule inayokataza mshumaa bila kutoa taa inahamishia mshumaa chini ya blanketi, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Nunueni uniti za akiba ambazo ni za bweni na chumba cha kujisomea tu. Msimamizi wa zamu awe na fedha kidogo ya kuziongeza kwa simu, na ziwepo taa tatu au nne za sola za kuchaji mchana, zikae kwa matroni.

Sasa niwaeleze kwa nini sitaki hata usiku mmoja zaidi. Magodoro ya shule ni ya sponji. Sponji haiwaki kama kuni. Inayeyuka, inadondosha moto chini, na inatoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Chumba chenye magodoro hayo, vyandarua na nguo zilizotundikwa kwenye waya kinaweza kuwa hakivutiki pumzi ndani ya dakika mbili au tatu tangu moto ushike, na wengi wanaokufa huuawa na moshi kabla moto haujawagusa. Upande wa pili mhesabieni matroni: aamke, aelewe kelele ni za nini, apapase ufunguo, avuke uwanja, alenge tundu la kufuli gizani huku mlango unasukumwa kwa ndani na watu sitini. Hata awe mwepesi namna gani, hesabu hiyo haimtoshi.

Na nchi hii imeshalipa kwa moto wa mabweni. Shauritanga, wilayani Rombo, mwaka 1994 walikufa wasichana zaidi ya 40. Idodi, mkoani Iringa, mwaka 2009 walikufa 12, na moto ule ulihusishwa na mshumaa wa kujisomea. Byamungu, wilayani Kyerwa, Septemba 2020 walikufa wanafunzi 10. Zimamoto ni 114, muipige na muipige mapema, ila mjue gari linatoka mjini. Kwenye kata ya ndani ya Chamwino, gari linapofika linakuta kazi ya kuokoa watu imeshaisha, iwe imefanikiwa au imeshindikana. Mnaowategemea katika zile dakika tatu ni wasichana wenyewe na mlango wao.

Wazazi wanaotaka kufuli libaki nao hawasemi upuuzi. Wanaogopa kitu kilichokwisha kutokea: mtu kugonga dirisha usiku. Kosa ni mahali kufuli lilipowekwa. Mlango wa bweni hauna budi kufunguka kwa ndani wakati wowote. Kufuli lihamie kwenye uzio. Mkikubaliana kwenye hilo, ugomvi wa wazazi umekwisha, na kilichobaki ni kazi ya mikono.

Mlango wa pili

Fedha ya kwanza iende hapa. Utobolewe kwenye ukuta wa mwisho, ule ulio mbali kabisa na mlango uliopo, ili moto ukishika upande mmoja upande wa pili uwe wazi. Fundi abomoe chini ya linta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, asiiguse linta yenyewe, na kama linta haikuzunguka ukuta huo aweke ya zege juu ya uwazi kabla ya kupachika fremu. Wenzetu Kenya, waliozika wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli waliokufa kwa moto wa bweni mwaka 2001, waliandika kwenye mwongozo wao wa usalama wa shule wa mwaka 2008 kwamba mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Futi 5 ni kama mita 1.5. Mkiweza, fuateni hivyo kwa mlango wa mabawa mawili. Mkishindwa, msishuke chini ya mita 1.2, na mlango wa zamani nao ugeuzwe ufunguke kwa nje. Mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki watu wakiwa wameuegemea, hata ukiwa hauna komeo kabisa.

Kuna mambo matatu yanayoharibu mlango wa dharura Dodoma, yote madogo. La kwanza ni fundi kuweka makomeo mawili, juu na chini, kwa mazoea ya milango ya maduka. Likatalieni la juu, msichana mfupi halifikii. La pili ni mchanga. Upepo wa kuanzia Agosti unalundika mchanga na vumbi mbele ya mlango, na mlango unaofunguka kwa nje unakwama kwenye kichuguu cha sentimita kumi tu. Mwageni zege nje ya mlango, mita moja na nusu kwenda mbele, chini kidogo ya kizingiti, na pafagiliwe kila siku kama panavyofagiliwa ofisini. La tatu ni kwamba mlango usiotumika hugeuka stoo: leo matranka mawili, kesho magunia ya mahindi ya wazazi. Dawa yake ni kuutumia. Asubuhi wote watokee mlango wa pili, jioni waingilie wa kwanza. Baada ya mwezi miguu yenyewe itakuwa inaujua, na usiku wa moshi miguu ndiyo inayokumbuka.

Madirisha hamna haja ya kung'oa nondo zote kwa siku moja, hasa kabla uzio haujasimama. Chagueni manne, mawili kila upande. Fundi akate fremu ya nondo nzima, aifunge bawaba upande mmoja ifunguke kwa nje, na upande wa pili aweke komeo la ndani ambalo mkono kutoka nje haulifikii: alifunike kwa kipande cha bati la geji nzito. Uwazi usipungue sentimita 60 kwa 80. Vitanda vya chini visogezwe mbali na madirisha hayo, na viwekewe alama ya rangi nyeupe inayoonekana kwa tochi.

Ndani ya bweni

Wasichana 64 ni vitanda 32 vya ghorofa. Chukueni futi mkapime: mwongozo uleule wa Kenya unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na mita 2 za njia ya katikati. Najua mabweni yetu mengi yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi hayafiki hapo. Basi njia ya katikati isipungue mita 1.5 na isiwe na kitu chochote, si ndoo, si viatu, si tranka. Ikishindikana kwa sababu vitanda ni vingi, jibu ni kupunguza vitanda. Hili ni gumu kulisema mbele ya mzazi aliyechangia tofali, lakini bodi ndiyo yenye wajibu wa kulisema. Tangulizeni waliotoka mbali zaidi, wa kidato cha nne wahamie darasa lisilotumika ambalo nalo lina milango miwili.

Umeme wa bweni fundi mwenye leseni aukague. Aangalie kitu kimoja kwanza: kama kwenye ubao wa umeme kuna mahali fyuzi imeungwa kwa kipande cha waya, au sakiti breka imefungwa isidondoke. Hapo ndipo nyaya zinapopata moto ndani ya dari bila mtu kujua. Soketi za bwenini ziondolewe, zibaki za matroni. Hita za kuchemshia maji za kutengeneza kwa mkono na pasi zitafutwe kwa upekuzi unaofanywa na walimu wa kike, mchana, mwenye tranka akiwapo.

Mitungi ya kuzimia moto nunueni miwili ya poda kavu, kilo 6 kila mmoja, mmoja kila mlango, kwa nje chini ya kibaraza. Mtungi ukiwekwa katikati ya bweni mtu anaufuata ndani ya moshi. Mshale wa geji uwe kwenye kijani. Kila mwezi mtungi ugeuzwe juu chini mara kadhaa ili poda isigande, na tarehe iandikwe kwenye kadi iliyofungwa shingoni. Ndoo nane za mchanga hazina gharama, korongo mnalo. Ziwe na mifuniko, la sivyo zitageuka majalala. Pipa la lita 200 lijae maji, ila kila msichana ajue maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme kabla swichi kuu haijazimwa. Na mtungi ni wa moto wa ukubwa wa ndoo. Ukishapanda ukuta, hakuna anayebaki kuupigania.

Mazoezi na hesabu

Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na inatosha kabisa. Tundikeni ya pili karibu na bweni, na iwe na mlio wake: mapigo ya haraka yasiyokatika maana yake ni tokeni, na mlio huo usitumike kwa jambo lingine lolote.

Zoezi la kwanza lifanyike mchana, polepole, kwa maelezo. La pili mchana kwa saa ya mkononi. La tatu usiku, saa tano, bila kuwaambia wasichana siku yake, ila matroni, mlinzi na mtendaji wa kijiji wajue ili kijiji kisitaharuki. Lengo ni wote kuwa nje ndani ya dakika mbili. Katika zoezi la nne fungeni mlango mmoja, mseme moto uko huko. Wafundisheni kutambaa, maana hewa ya kuvutia pumzi iko chini, na kugusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Hakuna anayerudi kuchukua sare, simu wala daftari. Atakayerudi kwenye zoezi, zoezi linarudiwa lote. Mtaona kinachokwamisha ni vitu vidogo mno: kanga zilizotundikwa njiani, usingizi mzito wa wale wa vitanda vya juu kwenye pembe, na dada mkubwa anayerudi kumtafuta mdogo wake. Kwa hilo la mwisho kuna dawa moja tu, nayo ni hesabu anayoiamini.

Daftari la bweni liwe mawili. Moja kwa kiranja, moja nyumbani kwa matroni, kamwe yasilale yote bwenini. Wahesabiwe saa tatu usiku kwa majina, si kwa vichwa, na saa kumi na moja alfajiri tena. Aliyekwenda kwao aandikwe, aliyelazwa zahanati aandikwe. Usiku wa moto, mtu akipiga kelele "Fulani yumo ndani!" na daftari linaonyesha Fulani yuko kwao tangu Ijumaa, mmemwokoa mwalimu aliyekuwa anakimbilia kuingia. Na siku za kawaida daftari hilohilo ndilo linaloonyesha kitanda kinachokuwa kitupu kila Alhamisi. Kufuli halikuonyesheni hilo. Kinyume chake, kufuli linamfanya matroni aache kuhesabu, kwa kuwa anaamini alichokifungia kimo.

Uzio

Fedha nyingine na nguvu za wananchi ziende hapa. Uzio uwe mbali na kuta angalau mita 10, na upande mmoja uache uwanja wa mita 20 au zaidi wa kukusanyikia, upande upepo unakotoka, si unakokwenda. Choo kiwe ndani ya uzio. Hili nalikazia kwa sababu msichana anayefungua mlango saa nane usiku, mara nyingi anakwenda chooni tu, na akikuta choo kiko nje ya uzio mmerudi palepale. Kiwango cha kitaifa ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo ninyi mnahitaji manne. Taa za sola mbili zielekezwe chooni na getini, zisielekezwe madirishani, maana taa inayomulika usoni inamficha aliye nyuma yake.

Senyenge ya urefu wa mita 2 inafaa kuliko mabati. Bati linamficha aliyejibanza upande wa nje, na upepo wetu unaling'oa. Mnaweza kupanda michongoma kando yake ili ikomae taratibu. Mnyaa unaota haraka na kila mtu anao, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya, kwa hiyo usipandwe karibu na mahali wasichana wanapofulia na kuanikia.

Mageti yawe mawili. La kwanza lielekee nyumba ya matroni, lifungwe kwa kufuli, ufunguo mmoja kwake na wa pili kwa kiranja wa bweni. La pili dogo, upande wa pili, liwe na komeo la ndani tu. Wajumbe watasema wasichana watatoroka kwa geti dogo. Atakayetoroka ataonekana kwenye hesabu ya alfajiri, na hilo ni kosa linaloweza kushughulikiwa. Bweni lililofungwa kwa nje likishika moto hakuna wa kumshughulikia.

Mlinzi ni wa nje ya uzio. Hashiki ufunguo wa aina yoyote, hatumwi ndani, na matroni hamwachii zamu hata kwa nusu saa. Kabla ya kuajiriwa alete barua ya serikali ya kijiji anakotoka, wadhamini wawili wanaojulikana, na bodi impigie simu mwajiri wake wa mwisho. Matroni naye hivyohivyo. Mwalimu wa kiume haingii bwenini peke yake, usiku wala mchana, hata awe mkuu wa shule. Na msichana hatumwi peke yake nyumbani kwa mwalimu kuchota maji, kupika wala kufagia. Kanuni hizi zikiandikwa zinamlinda hata mwalimu mwadilifu.

Kuhusu hizo mimba

Wazazi wanaohofia mimba waulizwe kwa upole: msichana anapata wapi nafasi ya kuwa na mwanamume? Dirishani penye nondo? Nafasi iko Ijumaa mchana anaporudi kwao, iko kwenye bodaboda anayempa lifti ya bure kila wiki halafu anaanza kudai, iko likizo, na wakati mwingine iko kwa ndugu aliyepewa kumlea. Kufuli la saa nne usiku halimfikii hata mmoja wa hao.

Kwa hiyo ruhusa ya Ijumaa iwe na sahihi ya mzazi, na kama mzazi hawezi kuja, wasichana wa kitongoji kimoja waondoke pamoja, na mjumbe mmoja upande wa pili athibitishe kwa simu kwamba wamefika. Masika, kanuni ya korongo isimame: maji yakifika magotini na yanakimbia, hakuna anayevuka, hata kama juu yenu jua linawaka. Makorongo ya huku yanajazwa na mvua iliyonyesha mbali, vilimani, na maji yanaweza kuja kwa mkupuo. Pigeni alama nyekundu kwenye jiwe au nguzo kando ya kivuko, na kila ukingo uwe na kaya moja iliyokubali kulaza watoto siku hiyo.

Vijana wanaogonga madirisha mtawafahamu, kijiji ni kidogo. Mtendaji wa kijiji awaite pamoja na wazazi wao, maonyo yaandikwe. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lisomeni hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, waziwazi, na wazazi wa mabinti walisikie pia, kwa sababu kesi nyingi hufia kwenye meza ya familia mbili zinazopatana ng'ombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji pale haki ya mtoto inapovunjwa. Ng'ombe hawafuti wajibu huo.

Msichana akibakwa, saa zinahesabika. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba nayo inafaa kadiri inavyowahi, isizidi saa 120. Asiogeshwe, asibadilishwe nguo kama inawezekana, na zikibadilishwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki inatunza unyevu na kuozesha ushahidi. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe na fomu ya polisi ya PF3 ichukuliwe, ila tiba ya dharura isingoje karatasi. Asindikizwe na mwanamke anayemwamini yeye, siyo yule ambaye shule imemchagua.

Shule yenu inatakiwa kuwa na Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto, na kijiji kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Ulizeni kama vyote viwili vipo kwa majina ya watu au kwa karatasi tu. Sanduku la maoni nalo mara nyingi limetundikwa mlangoni pa mkuu wa shule, na ufunguo anao yeye. Hakuna msichana atakayetumbukiza kitu pale. Litundikeni njia ya chooni, lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa malezi, mwingine kwa mama mjumbe wa kamati ya kijiji, lifunguliwe kila Jumatano wakiwa wote wawili. Malalamiko dhidi ya mwalimu yaende moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yasipitie ofisi ya mkuu kwanza. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Iandikeni kwa rangi kwenye mlango wa kila choo, kwa ndani. Na mimba ikitokea licha ya hayo yote, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu msichana kurudi shuleni. Aliyejifungua ahifadhiwe jina na nafasi yake.

Yule wa mshumaa

Hamkusema mlimfanyia nini msichana aliyeunguza godoro. Natumaini hamkumfukuza. Kama alichapwa, kanuni za viboko zinataka visizidi vinne, kwa kibali cha mkuu wa shule na kwa kuandikwa kwenye kitabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Ila kwa moto nashauri msimguse. Kilichowaokoa siku ile ni mtu kupiga kelele mapema. Msichana aliyeona mwenzake akiadhibiwa mbele ya paredi, kesho godoro likianza kufuka atajaribu kulizima kimya kimya kwa blanketi, na dakika tatu zitakuwa zimekwisha. Mwalimu wa unasihi akae naye, pamoja na waliolala jirani yake. Wengine watakuwa hawalali vizuri, wanaamka wakinusa moshi usiokuwapo. Kuwapa kazi husaidia: huyo wa mshumaa anaweza kuwa ndiye mkaguzi wa taa za sola.

Fedha

Andikeni barua kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoani Dodoma kupitia mkuu wa shule, muombe ukaguzi na mafunzo kabla fundi hajaanza, ili mlango usije ukabomolewa mara mbili. Mthibiti ubora wa shule na mhandisi wa halmashauri wapewe nakala. Kisha utaratibu wa matumizi uwe: komeo, mlango wa pili pamoja na zege lake, madirisha manne, ukaguzi wa umeme, mitungi, taa, ndipo senyenge. Nguzo za uzio, kuchimba mashimo ya choo, kokoto na mchanga vitoke kwa nguvu za wananchi. Ombeni bei kwa mafundi wawili, na mbakize sehemu ya malipo mpaka zoezi la usiku lifanyike na milango yote miwili ifunguke.

Kamera msinunue. Inahitaji umeme usiokatika ambao hamna, inahitaji mtu wa kuitazama ambaye hamna, na picha za bweni la wasichana zikikaa kwenye simu ya mtu yeyote mmejitengenezea tatizo jipya. Fedha hiyohiyo ikimlipa matroni wa pili wa kupokezana zamu, mmepata macho mawili yanayoweza pia kupiga rimu.